Pilkington na Sarufi ya Kiganda

Mwalimu wa lugha huandika ubaoni sentensi yenye pengo, akamwambia mwanafunzi alijaze. Kwa Kiswahili kazi hiyo si ngumu sana: nina kitabu, sina kitabu, neno la mwisho halibadiliki. Lakini mtoto wa Sikuda, katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, akipewa sentensi hiyo hiyo kwa Kiganda, hana budi kutafakari kwanza. Aliye na kitabu husema nnina ekitabo. Asiye nacho husema sirina kitabo. Ile irabu ya mwanzo wa jina huanguka mara kitenzi kinapokanusha. Akiiacha mahali pake, kila msikilizaji atafahamu kusudi lake, na kila msikilizaji atajua kuwa yeye ni mgeni.

Kanuni za namna hii Waganda hawakuzisoma kitabuni. Walizinyonya pamoja na maziwa. Aliyezihitaji kitabuni ni mgeni. Na miongoni mwa wageni wa kwanza waliojitaabisha kuzichungua na kuziandika yupo George Lawrence Pilkington, ambaye maisha yake mafupi twataka kuyaeleza leo.

Pilkington alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 4 Juni 1865. Alisoma katika chuo cha Pembroke, Cambridge, akibobea katika Kigiriki na Kilatini, kisha akafundisha kwa muda katika shule za Uingereza. Twaamini ya kwamba Kilatini kilimfaa kuliko alivyodhani wakati ule. Mtu aliyezoea lugha ambamo sifa hulifuata jina katika umbo lake hashangai sana anapokuta omuntu omulungi na abantu abalungi. Mwingereza asiyejua lugha nyingine ila yake huona mambo haya kuwa ni fujo. Pilkington aliyaona kuwa ni utaratibu.

Mwezi Januari 1890 aliondoka Uingereza pamoja na vijana wenzake wa Cambridge, miongoni mwao Baskerville, kwa kutumwa na chama cha misheni cha CMS. Walipitia pwani yetu, na njiani wenzake kadha wa kadha walifariki kwa homa. Mwisho wa Desemba mwaka huo msafara wa Askofu Tucker, naye akiwamo, uliingia Mengo.

Hapa inatupasa kukumbuka jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walisoma Kiswahili. Injili walizokuwa nazo zilitoka Unguja, kazi ya Askofu Steere, na Waganda waliokwenda pwani walirudi wakiijua lugha hiyo vizuri. Mmoja wao ni Henry Wright Duta Kitakule, aliyebatizwa huko huko Unguja. Mackay, aliyefariki Februari 1890 kusini mwa Ziwa, alikuwa ameanza kuifasiri Injili kwa Kiganda, lakini kazi kubwa ilikuwa bado.

Duta na Pilkington ndio walioibeba. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya humtaja Pilkington kuwa ndiye mfasiri na kumweka Duta pembeni kama msaidizi. Sisi hatukubaliani na mgawanyo huo. Mgeni aliyefika Desemba 1890 hawezi, hata awe na kipaji cha namna gani, kuhukumu peke yake kama sentensi imekamilika au imelegea. Sikio la kuhukumu lilikuwa la Duta na Waganda wenzake. Kipaji cha Pilkington kilikuwa kusikiliza upesi, kuuliza vizuri na kuandika bila kuchoka. Mwaka 1892 kitabu chake kidogo cha kufundishia Kiganda kilikwisha kuchapwa London. Mwaka 1893 Agano Jipya lilikuwa mikononi mwa watu, na mwaka 1896 Biblia nzima. Waganda waliiita Biblia ya biskuti, maana ilichapwa nene na fupi ipate kuingia ndani ya kopo la biskuti, isiliwe na mchwa wala panya.

Na ugumu wa kazi ile usipimwe kwa wingi wa kurasa tu. Okuta ni kuachilia. Okutta, kwa kukaza ile t, ni kuua. Asiyesikia tofauti hiyo atamfanya hakimu amwue mfungwa aliyetaka kumfungua. Tena omwana alya, mtoto anakula, lakini ente erya, ng'ombe anakula, kwa kuwa sauti ya l hugeuka kuwa r ikitanguliwa na e au i. Namna ya kuyaandika haya yote ilibishaniwa kwa miaka mingi, hata mkutano wa mwaka 1947 ulipoweka tahajia rasmi.

Mwezi Desemba 1893 Pilkington, akiwa amevunjika moyo kwa jinsi kazi yake ilivyoenda, alikwenda kisiwa cha Kome, akarudi amebadilika. Uamsho uliofuata ulisambaza walimu Waganda mpaka vijijini, kila mmoja na vitabu vyake.

Kifo chake kilitoka upande wetu huu wa mashariki. Septemba 1897 askari wa Kisudani waliasi huko Eldama Ravine. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mishahara midogo na kutengwa na jamaa zao. Madai yao, kwa maoni yetu, yalikuwa na haki nyingi ndani yake. Walifuata njia ya misafara, wakapita Mumias, wakavuka kuelekea Busoga na kuiteka ngome ya Luba. Ni nchi ile ile ambamo Askofu Hannington aliuawa mwaka 1885.

Pilkington alifuatana na jeshi akiwa mkalimani kati ya maofisa wa Kiingereza na Waganda. Mkalimani lakini mwenye bunduki. Tarehe 11 Desemba 1897, katika shamba la migomba karibu na ngome, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 32. Siku hiyo hiyo aliuawa pia Luteni Macdonald, nduguye kamanda. Mfasiri wa maneno ya amani kufia vitani, tena katika vita vya serikali ya kikoloni, ni jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Sisi hatuoni sababu ya kulipita. Aliijua lugha, na aliyeijua lugha alihitajiwa na kila mwenye amri.

Ndivyo ilivyokuwa hata baada yake. Tangu mwaka 1899 Kakungulu na watu wake walipoingia Bukedi, Kiganda kilikuja pamoja na bunduki na kodi, kikawa lugha ya baraza, ya shule na ya kanisa. Mwaka 1902 mpaka ulisogezwa, na Wasamia wakagawanywa, hawa Uganda, hawa upande wa pili. Wasamia na Wagwe wa Busia, ambao lugha zao ni jamaa ya Kiganda, waliweza kukisikia kwa taabu kidogo. Lakini Iteso, na Wajopadhola wa Tororo, walitakiwa kusali kwa lugha isiyo na undugu wowote na zao, wakijaza mapengo kwa kanuni za watu wengine. Wengi walikataa, na kwa muda wa miaka mingi walidai vitabu vya lugha zao wenyewe.

Mifupa ya Pilkington ilihamishwa mwaka 1898 kutoka Busoga, ikazikwa Namirembe.