Padri D'Agostino: Tabibu aliyeunganisha dawa na sahani ya chakula

PADRI Angelo D'Agostino, Mjesuiti mzaliwa wa Marekani, aliletwa Nairobi na shida za wakimbizi, ambao alikwisha kuwahudumia Thailand miaka ya 1980. Kabla ya upadri alikuwa daktari wa upasuaji.

Jijini alikuta msiba mwingine: watoto wachanga wenye virusi vya Ukimwi, waliotelekezwa bila wa kuwapokea. Mwaka 1992, yeye na Sista Mary Owens walifungua makao ya Nyumbani, wakianza na watoto watatu.

Makao hayo, hata hivyo, yasingewatosha wagonjwa wote wa mitaa ya mabanda. Ndipo mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa Lea Toto, uliofika Kawangware na Kibera. Mtoto alitibiwa akiwa kwao, kwa mamaye au nyanyaye, na mlezi akafunzwa kumtunza na kusaidiwa chakula. Hapo ndipo palipokuwa na busara ya mpango huo. Mwili unaopigana na virusi huhitaji lishe zaidi, na mtoto aliyekonda kwa njaa huugua upesi hata akipewa tembe. Katika chumba kimoja cha kupanga, tembe pekee zingefaa nini?

Bei ya dawa ilimkera mno. Mwaka 2001 alitangaza kwamba angeagiza dawa nafuu kutoka India. Kisha Nyumbani ikaishtaki Serikali, kwa kuwa shule za umma ziliwakataa watoto wake. Mwaka 2004 wakakubaliwa.

Alifariki jijini Nairobi Novemba 2006, akiwa na umri wa miaka 80. Sista Owens akaendelea na kazi.