Meza Ipo Mahali Pake, Watoto Hawapo



Kabla hujatoka kwenda Misa, nikusimulie habari za Moïse de Camondo. Alizaliwa Istanbul mwaka 1860, katika familia ya Kiyahudi iliyomiliki benki kubwa. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Paris, naye akarithi kazi ya fedha. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kazi za mikono za Ufaransa ya karne ya 18: meza, saa, mazulia na vyombo vya kaure. Alivitafuta miaka mingi, akavijengea nyumba ya fahari iliyokamilika mwaka 1914.

Mke alikuwa amekwisha kumwacha. Walibaki watoto wawili, Nissim na Béatrice. Mrithi alikuwa Nissim. Vita Kuu ikaja, kijana akawa rubani, na Septemba 1917 akauawa angani akiwa na miaka 25. Baba alifunga benki. Alipofariki mwaka 1935, nyumba na vyote vilivyomo aliiachia Ufaransa kuwa makumbusho yenye jina la mwanawe, kwa sharti kwamba kila kitu kibaki mahali pake.

Sharti hilo lilitimizwa. Lakini Ufaransa ilipotekwa na Wanazi, Béatrice, aliyekuwa mumewe na watoto wao wawili walikamatwa, wakapelekwa Auschwitz. Hakurudi hata mmoja. Ukoo ukakatika.

Najua unafikiria yule tajiri wa Injili aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi. Usiharakishe kumhukumu Moïse, yeye alitoa. Wa kuhukumiwa ni waliopokea. Nchi ilitunza viti vya babu, ikawatia wajukuu wake mikononi mwa wauaji. Na majirani wengi waliotazama wakichukuliwa walikuwa wamebatizwa, kama wewe na mimi.

Sasa tazama nyumbani kwako. Lipo kabati la vioo ambalo mtoto akiligusa anapigwa. Parokiani tuna kalisi inayofungiwa kwa kufuli mbili, na mjane jirani wa kanisa ambaye mwezi mzima hatujamjulia hali. Tunajua sana kutunza vitu.

Wiki hii, ndugu yangu, chagua mtu mmoja umtunze kama unavyotunza kile unachoogopa kisivunjike. Siku ya mwisho Bwana hataulizia meza. Atamuulizia mtu.