Sidi Bombay: Nahodha aliyelivuka bara kwa miguu

JULAI 2021 mashabiki wa Simba na Yanga walijazana kwenye mabasi kwenda Kigoma kuona fainali ya Kombe la Shirikisho. Simba ikashinda bao 1-0 Uwanja wa Lake Tanganyika, la Taddeo Lwanga. Waliorudi Tandale kwa Mtogole walikuwa na mawili ya kusimulia: bao hilo, na mgongo unavyouma ukikaa kitini zaidi ya kilomita 1,000.

Sasa chukua njia hiyo hiyo, ondoa basi, ondoa lami, ondoa maji ya chupa. Kuna jamaa aliipiga kwa miguu kutoka pwani hadi Ujiji, tena zaidi ya mara moja. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Wataalamu wanakadiria kwamba maishani mwake alitembea kama kilomita 9,600 kwenye misafara. Kiungo anayekimbia kilomita 11 kila mechi atahitaji mechi zaidi ya 870 kuifikia hesabu hiyo.

Bombay alizaliwa miaka ya 1820 hivi, Myao wa kusini. Akiwa bado mtoto kijiji chao kilivamiwa, akakamatwa, akapelekwa Kilwa na kuuzwa kwa vitambaa. Aliyemnunua alimvusha bahari hadi India. Huko ndiko alikopata jina la Bombay, na Sidi ni jina wanaloitwa watu wenye asili ya Afrika kule. Bwana wake alipofariki akaachwa huru, akapanda chombo kurudi nyumbani, akaajiriwa kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar kwenye ngome moja karibu na Pangani.

USAJILI WA 1857

Mapema mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita pale wakijiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makubwa. Wakamwona Bombay anavyofanya kazi, wakamchukua.

Hapo ndipo mambo ya India yalipolipa. Speke hakujua Kiswahili. Alichokuwa nacho ni Kihindustani, na Bombay alikijua. Amri ikitolewa kwa Kihindustani, Bombay anaigeuza Kiswahili kwa wapagazi. Wenyeji wakijibu, anairudisha. Bila yeye benchi la ufundi lingepiga kelele tu, na uwanjani asingesikia mtu.

Msafara uliondoka pwani Juni 1857. Kutembea kulianza alfajiri ili jua likiwa kali watu wawe kambini. Mbele alikwenda kirongozi na bendera, nyuma mstari wa wapagazi na mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa yenyewe. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, na kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, si hii hongo ya leo. Ukikosea maneno mnakaa wiki nzima mnabishana, chakula kinaisha.

Halafu kulikuwa na nyika. Ukitoka Mpwapwa kwenda Ugogo unakutana na Marenga Mkali, kama kilomita 50 bila maji ya uhakika. Mbele yake ipo Mgunda Mkali, pori kavu kabla hujafika Tabora. Pale walipiga terekeza: wanajaza vibuyu, wanaondoka mchana, wanalala njiani bila maji, alfajiri wanaendelea hadi kisima kinachofuata. Kiongozi akikosea hesabu ya siku moja, watu wanakufa kwa kiu.

Walifika Ujiji Februari 1858, miezi saba na ushee. Burton miguu ilikuwa imegoma, akawa anabebwa. Speke macho yalikuwa yanauma hata ziwa halioni vizuri. Burton alipoona kitu kinang'aa kwa mbali ilibidi amuulize Bombay ni nini, na Bombay ndiye aliyemwambia kwamba ni maji.

Julai mwaka huo Speke alimwacha Burton Tabora, akachanja kaskazini na Bombay hadi kwenye Nyanza, upande wa Mwanza. Speke akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria.

MECHI YA MARUDIANO

Mwaka 1860 Speke akarudi na James Grant, kuthibitisha kwamba Mto Nile unatoka kwenye ziwa hilo. Safari hii Bombay alikuwa kama nahodha. Julai 1862 alikuwa na Speke pale Jinja, Uganda, maji yanapotoka ziwani. Wakaufuata mto hadi Misri. Wengi walioanza nao walitoroka, waliugua au walikufa. Waliofika Cairo kutoka kikosi kile cha Zanzibar hawakuzidi 20.

Hakuwa malaika. Alipenda kinywaji, alikuwa na hasira, na mabosi wake walimlalamikia. Ila na wao walimtenda vibaya. Kwenye safari hiyo Speke alimpiga ngumi, na meno yake ya mbele yakaondoka. Mtu mzima, mkuu wa watu, anapigwa mbele ya vijana anaowaongoza. Bado alimaliza safari.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuja kumtafuta Livingstone. Akamsajili Bombay, safari hii awe mkuu wa askari wa msafara. Stanley naye alimpiga, akamvua cheo. Mwisho wa mwaka huo Livingstone akapatikana Ujiji, na dunia nzima ikamjua Stanley.

Kubwa kuliko zote lilikuja mwaka 1873. Verney Lovett Cameron alitoka Bagamoyo, Bombay akiwa mkuu wa wapagazi. Wakiwa Tabora walikutana na Chuma na Susi wakiuleta mwili wa Livingstone pwani. Kazi ya kumfuata mzee huyo ikawa imekwisha, na msafara ungeweza kugeuza. Haukugeuza. Ukaenda Ujiji, ukavuka ziwa, ukaingia Kongo na kutokea Benguela, Angola, Novemba 1875. Cameron alifika hoi kwa ugonjwa. Bombay na wenzake wakarudishwa Zanzibar kwa chombo, kwa kuzunguka kusini mwa Afrika.

Ukiunganisha safari zake utaona kwamba Bombay alitoka Bahari ya Hindi akaifikia Cairo, kisha Atlantiki. Burton, Speke, Stanley na Cameron kila mmoja ana kipande. Vipande vyote viko kwa mtu mmoja.

KOMBE LILIKWENDA WAPI

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay medali ya fedha kwa safari ya Nile, na mwaka 1876 pensheni ya maisha. Kwa mtu aliyeuzwa kwa vitambaa si haba. Alifariki Oktoba 1885.

Timu ya Dar ikienda leo kucheza CCM Kirumba, inacheza jirani na Ghuba ya Speke, ndani ya Ziwa Victoria. Kwenye ramani hiyo jina la Bombay hulioni. Maboma kule aliwekewa mwenye kalamu, kwa sababu ndiye aliyeandika kitabu.

Kazi yake lakini ipo hadi leo. Kijana anayewapandisha wageni Kilimanjaro, au anayewatembeza kwa baiskeli milima ya Usambara, anafanya yale yale: kujua maji yako wapi, kuongea na wenye kijiji, kusoma nani amechoka kabla hajaanguka. Mgeni akifika kileleni picha anapigwa mgeni. Kiongozi anakuwa ameshaanza kuhesabu watu wa kushuka nao.