Frank Hornby na Kigari cha Waya

Mbio za magari za Safari zinapokaribia Naivasha, vijana wa Nakuru na Gilgil huzikunja nyaya wakaunda vigari vinavyofanana na yale yatimuayo vumbi. Magurudumu ni ya ndara kuukuu, nembo imechorwa kwa rangi. Baadhi huviuza kando ya barabara. Je, yampasa kijana huyo kuchukua leseni kwa kampuni iliyobuni gari lenyewe? Kabla ya kujibu, mpenzi msomaji, tuyatazame maisha ya Frank Hornby.

Hornby alizaliwa Liverpool, Uingereza, tarehe 15 Mei 1863. Hakuwa mhandisi bali karani wa hesabu wa mwagizaji nyama. Nyumbani alikata vipande vya bati na kuvitoboa matundu yenye nafasi sawa, ili wanawe wajenge kreni na madaraja kwa parafujo na nati. Akakopa pauni 5 kwa mwajiri wake, na mwaka 1901 akapata hataza. Mwaka 1907 alisajili jina la Meccano.

Mali yake aliilinda kwa bidii. Kampuni yake iliwashtaki Marekani watu walioviiga vifaa vyake, kwani hao walitengeneza bidhaa ile ile na kuwania wateja wale wale.

Mwaka 1920 alianza kuuza treni ndogo za kutiwa ufunguo. Mwaka 1934 yakatokea magari ya Dinky, ya madini yaliyomiminwa kwenye kalibu, na punde baadhi yakawa na maumbo ya magari halisi kama Chrysler na Rolls-Royce. Hakuna mnunuzi wa gari aliyeridhika na kile cha kiganjani akaacha kununua la barabarani. Hornby alikuwa mbunge tangu 1931 hadi 1935, akafariki tarehe 21 Septemba 1936.

Mzozo huo haukufa naye. Kampuni ya Opel ilimshtaki mtengenezaji wa vigari, Autec, kwa kutumia nembo yake. Mwaka 2010 mahakama kuu ya rufani ya Ujerumani iliamua kwamba nembo hiyo haikuvunjiwa haki, kwa kuwa mnunuzi huiona kama sehemu ya mfano tu.

Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 hulinda uvumbuzi na maumbo yaliyosajiliwa. Hilo ni jema. Kiwanda kinachoiba kalibu ya mwenzake, au kumhadaa mnunuzi kwamba bidhaa imetoka kwa kampuni fulani, kiadhibiwe. Lakini fundi wa waya hamhadai mtu. Kumdai leseni ni kuifunga karakana ya kwanza ya uhandisi aliyo nayo mtoto maskini.

Walimu, msimnyang'anye mwanafunzi kigari chake darasani mkakitupa. Mwulizeni jinsi usukani unavyogeuza magurudumu. Nanyi wanafunzi, igeni mpate kujifunza, kisha mbuni chenu. Na siku hiyo ikifika, kimbilieni hataza kama alivyofanya yule karani wa Liverpool.