Percy Julian na haragwe lenye sumu

Percy Julian alizaliwa mwaka 1899 Montgomery, Alabama, nchini Marekani, akiwa mjukuu wa watumwa. Mji wake haukuwa na sekondari ya serikali kwa watoto weusi, hivyo alipoingia Chuo Kikuu cha DePauw ilibidi asome masomo ya chuo na ya sekondari kwa pamoja, huku akihudumia mezani. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Shahada ya uzamivu aliifuata Vienna, akaipata mwaka 1931.

Jina lake lilivuma kwa sababu ya haragwe la Calabar. Huko Calabar, Nigeria ya leo, mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa maji yake. Akitapika na kupona, hana hatia. Akifa, basi ni mchawi. Ndani ya haragwe mna kemikali iitwayo fisostigmini. Neva inapouamuru msuli hutoa asetilikolini, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara moja. Fisostigmini huzuia isivunjwe, na amri ya neva huendelea kufanya kazi. Tone dogo jichoni hubana mboni, maji ya ndani yakapata njia ya kutoka, presha ya jicho ikashuka. Ikizidi mwilini, mate na machozi humwagika, moyo hupunguza kasi na pumzi hukatika. Kemikali ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo.

Mwaka 1935 Julian na mwenzake Josef Pikl waliitengeneza maabara bila haragwe. Robert Robinson wa Oxford, mkemia mwenye jina kubwa, alikuwa ametangaza njia yake mwenyewe. Julian alisema hadharani kuwa bingwa huyo amekosea, na vipimo vikamuunga mkono. Hata hivyo chuo kilimnyima uprofesa kwa sababu ya rangi yake. Miaka ya 1950 na 1951 nyumba yake Oak Park, karibu na Chicago, ilishambuliwa kwa moto na baruti. Hakuhama. Alifariki mwaka 1975.

Siku hizi wazazi huniuliza kuhusu dawa za majani zinazosemekana kukuza neva. Baadhi ya dondoo za mimea kweli hurefusha seli za neva kwenye sahani ya maabara, lakini sahani si mtoto. Kama tayari unampa, njoo na chupa yenyewe pamoja na dawa zake zote za hospitali.