MWIMBAJI WA NZAUI

Mwaka huu mhariri wetu alitutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu wengi wamekimbilia Shaaban Robert na Mekatilili. Mimi nimemchagua Mzungu mmoja aliyefia huku Ukambani akiwa na miaka 29, na aliyenifikisha kwake ni mbuzi.

Ndiyo, mbuzi. Krismasi iliyopita nyumbani kwetu, hapa Mwingi, watu walijaa kweli kweli. Mabasi ya Nairobi yalikuwa yakitumwagia ami na shangazi tangu tarehe 22. Asubuhi ya tarehe 25 Susu, yaani nyanya yangu, alijifunga leso yake safi akauliza nani anakwenda naye kanisani. Kila mtu alikuwa na udhuru. Wangu ulikuwa mbuzi: eti lazima mtu achunge moto. Susu hakugombana na yeyote. Alichukua Biblia na fimbo yake, akashika njia peke yake kwenye jua lile. Aliporudi tulikuwa tumeshamaliza maini. Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya shibe.

Susu ni muumini wa AIC. Shule zilipofunguliwa nilianza kuulizia kanisa lake lilitoka wapi, ndipo nikakutana na Peter Cameron Scott.

Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka wa 1867. Alipokuwa mtoto, jamaa yake ilihamia Philadelphia, Marekani. Kijana huyu alikuwa na sauti! Akafundishwa kuimba na mwalimu Mwitaliano, na jukwaa lilikuwa likimngoja pamoja na fedha na makofi. Inasemekana aligeuka akiwa kwenye ngazi za jumba la maonyesho, akienda kutafuta kazi ya kuimba. Aliona kwamba sauti ile si mali yake.

Mwaka wa 1890 alikwenda Kongo. Nduguye John akamfuata, na haukupita muda John akafa. Scott alimzika kwa mikono yake mwenyewe. Jamani, hebu fikirini: ugenini, umri wa miaka ishirini na kitu, na unamchimbia ndugu yako kaburi. Naye akaugua, akarudishwa Uingereza akiwa mahututi. Huko London aliingia Westminster Abbey, akapiga magoti penye kaburi la Livingstone, ambapo pameandikwa yale maneno ya Injili ya Yohana kuhusu kondoo wengine wasio wa zizi hili. Akaondoka pale akiwa ameamua kurudi Afrika. Nia yake ilikuwa kupanga vituo vya injili kuanzia pwani yetu hadi Ziwa Chad.

Alifika Mombasa Oktoba 1895 na wenzake 7, mmoja wao dadake Margaret. Reli ilikuwa haijajengwa, kwa hivyo walitembea pamoja na wapagazi wao, wakapita nyika ya Taru yenye miiba na kiu. Tarehe 12 Desemba wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, ambako siku hizi ni kaunti ya Makueni.

Hapo ndipo mimi niliposimama kusoma. Tarehe 12! Krismasi ilikuwa imebakisha siku 13 tu. Watu 8, kanisa hakuna, jamaa wako ng'ambo ya bahari, lugha ya wenyeji hawaijui. Hawakuwa na lolote la kuiita siku ile sikukuu isipokuwa Yule aliyezaliwa. Sisi tulikuwa na kila kitu, tukamtuma Susu peke yake.

Ndani ya mwaka mmoja Scott alikuwa na vituo 4: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Homa ikamshika, ile ya mkojo mweusi. Alifariki tarehe 4 Desemba 1896, kabla ya Krismasi ya pili. Wenzake nao wengine walikufa, wengine wakaondoka. Kisha ikaja njaa kuu ya Ngomanisye, 1898 hadi 1899, na kazi ikabaki kama kijinga kimoja chini ya majivu. Baadaye walikuja wengine, makao makuu yakahamishiwa Kijabe mwaka wa 1903, na moto ukawaka tena mpaka ukafika kwa akina Susu.

Likizo ya Aprili nilimsimulia Susu habari hizi zote akichambua ndengu. Hakuuliza habari za vituo wala za reli. Aliuliza kama huyo kijana alikufa mamake akiwapo. Nikamwambia wazazi wake walikuwa wamemfuata mwaka ule ule. Akanyamaza kitambo, mkono umetulia juu ya ungo, kisha akaendelea kuchambua.

Mwaka huu mbuzi atachinjwa tarehe 24 jioni. Nimeshazungumza na baba, na kwaya ya vijana imenipa sauti ya besi.