Arthur Loveridge: Aliyemwandika mjusi wa Mwanza kwenye vitabu vya dunia

JUA likishapanda kidogo, juu ya miamba ya Nyakato, Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, hutokea mjusi ambaye wakazi wamemzoea kiasi cha kutomwangalia mara mbili. Kichwa, shingo na mabega yake ni mekundu yenye kuelekea rangi ya waridi, na mwili uliobaki ni wa bluu iliyokolea. Watoto humrushia mawe. Wapasua kokoto humwona akikimbilia ufa mwingine nyundo inapogonga.

Katika vitabu vya sayansi, mjusi huyo anaitwa Agama mwanzae, jina linalobeba jina la mji wenyewe. Aliyempa jina hilo mwaka 1923 ni Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao na vyura ambaye orodha zake bado ni msingi wa elimu hiyo kwa Tanzania, Kenya na Uganda.

Maisha ya Loveridge yana somo kwa mkulima na mfanyabiashara. Mali isiyoandikwa popote haina thamani wala mlinzi. Lakini ikishaandikwa, na mwenyewe asijue kwamba ni mali, wengine watakuja kuichukua.

Ajira ya kwanza Nairobi

Loveridge alizaliwa Mei 28, 1891 katika mji wa Penarth, Wales, nchini Uingereza. Tangu utotoni alipenda kukusanya wanyama wadogo na kuwahifadhi. Kazi za makumbusho alijifunza Manchester na Cardiff, na mwaka 1914 akapata ajira Nairobi, kutunza makumbusho ya chama cha watafiti wa viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda. Makumbusho hayo ndiyo yaliyokua na kuwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hakukaa sana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Alijiunga na kikosi cha farasi cha Waingereza na kuingia nacho katika koloni la Wajerumani, Tanzania Bara ya leo. Wenzake walipopumzika baada ya mwendo mrefu, yeye alipindua mawe na magogo kutafuta mijusi, nyoka na vyura. Vita ilipokwisha alikuwa na mkusanyiko mkubwa, na mapema katika miaka ya 1920 aliajiriwa na idara ya wanyamapori ya Tanganyika akiwa msaidizi wa bwana nyama.

Kazi hiyo ilimfikisha maeneo mengi, na kila alipopita aliandika mambo yaleyale: mnyama amepatikana wapi, mwezi gani, ana urefu gani, ana mayai mangapi na amekula nini. Hakuyafanya peke yake. Wasaidizi Waafrika walichimba, walipanda miti na kuchuna ngozi, na wanavijiji, hasa watoto, walimletea viumbe kwa malipo madogo. Bila macho ya wenyeji waliojua shimo lipi lina nyoka na bwawa lipi lina chura, orodha zake zingekuwa fupi sana.

Mjusi wa miamba

Mwanza ni mji wa mawe. Miamba imepangana juu ya vilima na kuingia hadi ndani ya Ziwa Victoria, na kila ufa ni nyumba. Mijusi wa miamba wa huku walimfanya Loveridge aone kwamba hawalingani sawasawa na jamaa zao wa sehemu nyingine za Tanganyika. Katika taarifa yake ya mwaka 1923 aliwatenga kwa jina la Mwanza, ingawa aliwahesabu kuwa tawi tu la spishi nyingine. Baadaye wataalamu waliupitia upya ukoo huo na kumpa mjusi wa Mwanza hadhi ya spishi kamili. Leo anajulikana kuishi Tanzania, Kenya na Rwanda, na wageni wengi humwona juu ya vilima vya mawe vya Serengeti.

Anayevaa rangi kali ni dume. Jike ni wa kahawia na si rahisi kumtofautisha na jiwe. Dume mwenye nguvu hushika jiwe lake, hutikisa kichwa kuwaonya wapinzani na huishi na majike kadhaa. Usiku, au akiogopa, rangi hufifia. Chakula chake ni sisimizi, panzi na wadudu wengine, hivyo anayemuua anamuua mlinzi wa bustani yake ya mchicha. Miaka ya karibuni picha zake zimeenea kwenye intaneti, wengi wakimfananisha na Spider-Man wa filamu, na wafugaji wa mijusi Ulaya na Marekani humtafuta.

Kobe mwenye majina mawili

Kisa kingine kinachomhusu Loveridge kinaanzia jirani na Mwanza. Katika maeneo ya kati ya Tanganyika alipata kobe wa ajabu, bapa kama chapati, mwenye gamba laini linalobonyea. Kobe huyo akitishwa hajifichi ndani ya gamba lake. Hukimbia haraka na kujibana katika ufa wa mwamba, ambako ni vigumu sana kumtoa.

Mwaka 1920 George Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya London, alimtangaza kuwa spishi mpya na kumpa jina la Loveridge kwa heshima. Lakini heshima hiyo haikudumu. Ilibainika kwamba kobe huyohuyo alikuwa ameshaelezwa mwaka 1903 na Friedrich Siebenrock wa Vienna, kutokana na kobe aliyetoka Busisi, kusini mwa Ziwa Victoria. Busisi hiyo ndiyo ambayo tangu mwaka 2025 imeunganishwa na Kigongo kwa daraja kubwa.

Kanuni ya kuwapa wanyama majina haina upendeleo: jina lililotangulia ndilo linalobaki. Jina la Loveridge likawekwa kando, na kobe akabaki na jina la Siebenrock, ambalo linamkumbuka Gustav Tornier wa Berlin. Loveridge mwenyewe aliifuata kanuni hiyo maisha yake yote. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kufuta majina ya ziada, yakiwemo yale aliyoyatoa yeye, pale ushahidi ulipoonyesha kwamba wanyama wawili walikuwa mmoja.

Harvard na safari za milimani

Mwaka 1924 Loveridge alihamia Marekani kufanya kazi katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Thomas Barbour. Alikaa huko hadi alipostaafu mwaka 1957, lakini Afrika Mashariki aliirudia mara kadhaa kwa safari ndefu za utafiti.

Mwaka 1926 alikuwa katika milima ya Uluguru na Usambara. Miaka miwili baadaye yeye na Barbour walichapisha kazi kubwa iliyolinganisha viumbe wa safu hizo mbili. Waliona kwamba misitu ya milima hiyo ina vyura, vinyonga na mijusi wasiopatikana penginepo, kana kwamba kila mlima ni kisiwa. Mwaka 1930 alikuwa katika nyanda za juu za kusini, na kutokana na safari hiyo aliwapa majina vinyonga kadhaa ambao sayansi haikuwa imewaandika.

Umuhimu wa kazi hiyo umeonekana zaidi baada ya miaka mingi. Leo milima hiyo, pamoja na mingine ya Tao la Mashariki, ni kati ya maeneo yanayotajwa kwanza duniani kwa wingi wa viumbe wasio na makazi mengine. Misitu hiyo pia ndiyo chanzo cha maji ya miji, mashamba na mitambo ya umeme.

Tumbo la nyoka

Kwa mkulima, huenda kazi yenye faida zaidi aliyofanya Loveridge ni ile iliyowakera waliokaa naye karibu: kupasua matumbo ya nyoka na kuandika kilichomo. Taarifa zake zimejaa panya, vyura, mijusi, ndege na mayai.

Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba nyoka wengi wanaouawa mashambani si adui wa mkulima. Nyoka wa nyumbani, asiye na sumu ya kumdhuru mtu, hula panya walewale wanaotoboa magunia ya mahindi. Chatu wadogo hula panya, na wakubwa huwinda ndezi wanaoharibu miwa. Hata moma, ambaye wengine humwita kifutu, hushiba panya, ingawa yeye, swila na koboko ni wa kuogopwa na hawapaswi kusogelewa. Anayeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja, bila kuchanja wala kufyonza jeraha.

Mwaka 1957 Loveridge alikusanya kazi ya zaidi ya miaka 40 katika orodha moja ya reptilia na amfibia wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Haikuwa na picha za kupendeza, bali majina na mahali. Hata hivyo, waliofuata wamejenga juu yake. Kitabu cha mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 2002, ambacho mmoja wa waandishi wake ni Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilieleza spishi zaidi ya 400.

Baada ya kustaafu, Loveridge alihamia kisiwa cha St Helena katika Bahari ya Atlantiki. Alifariki huko Februari 16, 1980 akiwa na umri wa miaka 88. Jina lake limebaki kwa wanyama wengi. Mmoja ni mjusi asiye na miguu, anayeishi chini ya udongo kusini mwa Tanzania, aitwaye Loveridgea ionidesii. Jina lake la kwanza ni la Loveridge, na la pili ni la C. J. P. Ionides, bwana nyama wa Liwale aliyesifika kwa kukamata nyoka.

Walionufaika ni nani?

Vielelezo vingi alivyokusanya Loveridge vimehifadhiwa London na Harvard, na kwa muda mrefu Mtanzania aliyetaka kuwasoma wanyama wa kwao alilazimika kuvuka bahari. Nyuma ya sayansi ikaja biashara. Kobe bapa walisafirishwa kwa maelfu kuuzwa kama wanyama wa kufugwa majumbani. Wakamataji walibomoa nyufa za miamba ili kuwatoa, na ufa ukishabomolewa haujirudishi. Jike hutaga kwa kawaida yai moja kwa mara moja, kwa hiyo idadi iliyopotea hairudi upesi.

Hatua zimechukuliwa, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, walimpandisha kobe bapa hadi daraja la juu la ulinzi, linalopiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini.

Mjusi wa Mwanza hajafikia hali hiyo. Bado ni wengi, na mtalii anayepanda mawe ya Mwanza akiwa na kamera anaweza kumpiga picha bila kumgusa. Kinachompunguzia makazi mjini ni mahitaji ya kawaida ya watu: mawe ya msingi, kokoto na viwanja. Mpasua kokoto naye ana watoto wa kulisha, na mwamba ukishauzwa kwa lori hulipa mara moja tu.

Loveridge alihitaji daftari, wasaidizi wenye macho makali na uvumilivu ili mjusi huyo aingie kwenye vitabu vya dunia. Uamuzi wa miamba ipi ya Nyakato ipasuliwe na ipi iachwe ni wa wakazi wa Nyakato wenyewe, na wanaufanya kila asubuhi nyundo zinapoanza kugonga.